Stoo ya Kemikali Haipangwi kwa A, B, C

Mwulize mwanafunzi yeyote wa kemia, hata wa mwaka wa kwanza, kioksidishi ni nini. Atakujibu bila kupepesa macho: ni kitu kinachopokea elektroni. Hizo ni alama za bure kwenye UE na hakuna wa kumnyang'anya. Sasa mwulize swali la pili: hicho kioksidishi kikae rafu ipi stoo, na jirani yake awe nani? Hapo utasikia kimya. Atakayejaribu sana atasema, "Hilo si letu, ni la fundi wa maabara."

Mimi nasema ni letu. Sisi ndio tunaoingia humo asubuhi tukiwa ishirini kwenye chumba cha watu kumi na wawili. Sisi ndio tunaofungua makopo yenye lebo zilizofifia. Na sisi ndio, miaka michache ijayo, tutakaokuwa wasimamizi wa maghala ya mbolea, viwanda vya rangi, mitambo ya maji na maabara za shule za sekondari. Tukitoka hapa na elektroni kichwani tu, tutakuwa tumedesa kemia lakini hatukuisoma.

Hoja yangu ni moja. Kipo kipimo cha maabara kinachotumika kimataifa kuamua kama kemikali yabisi ni kioksidishi na ni kikali kiasi gani. Kipimo hicho hakimo kwenye mtaala wetu, hata kwa kutajwa. Kingekuwemo, hakuna mtu angekubali stoo zetu zipangwe kama zilivyopangwa leo.

Kipimo chenyewe

Umoja wa Mataifa una mwongozo wa vipimo na vigezo unaotumika kuainisha bidhaa hatari kabla hazijapakiwa kwenye meli, treni au lori. Vioksidishi viko Daraja la 5, Kitengo cha 5.1. Kipimo cha yabisi kinaitwa O.1, na ukikisoma mara ya kwanza unaweza kucheka, maana kinafanana na mchezo wa watoto wa kuwasha vichuguu.

Unachukua kemikali unayoishuku na kuichanganya na unga wa selulosi uliokaushwa vizuri. Unatengeneza michanganyiko miwili kwa uzito: mmoja sehemu 1 kwa 1, mwingine sehemu 4 za kemikali kwa 1 ya selulosi. Gramu 30 za mchanganyiko zinamiminwa kwa faneli zikae kama kichuguu chenye kitako cha milimita 70, juu ya waya wa kuwashia uliolazwa kwenye bamba lisilopitisha joto kirahisi. Unawasha umeme, waya unakuwa mwekundu, na saa inahesabu hadi mmenyuko mkuu unapokoma. Unarudia mara 5 kwa kila mchanganyiko, unachukua wastani. Dakika 3 zikipita bila kichuguu kushika, unazima.

Lakini sekunde hizo peke yake hazina maana. Ndiyo maana siku hiyohiyo, chumba hichohicho, unawasha pia vichuguu vya rejea vya potasiamu bromeiti na selulosi, kwa uwiano wa 3:7, 2:3 na 3:2. Kemikali yako inashindanishwa na hivyo. Tuseme, kwa mfano tu, cha 3:7 kimechukua wastani wa sekunde 100, cha 2:3 sekunde 50, na cha 3:2 sekunde 5. Kemikali yako ikiungua kwa sekunde 70, iko kundi la III, la hatari ndogo. Ikiungua kwa 40, ni kundi la II. Ikiungua chini ya zile 5, ni kundi la I, na hapo usiisogelee bila sababu. Ikichukua 130, au isiposhika kabisa, haihesabiwi kuwa kioksidishi cha Kitengo cha 5.1. Kati ya ile michanganyiko miwili, unahukumu kwa ule uliokwenda kasi zaidi.

Basi. Hakuna mashine ya mamilioni. Kinachotakiwa ni mizani, chekeche, tanuri la kukaushia, waya, saa, chemba nzuri ya kufyonza moshi na mtu makini.

Kwa nini selulosi

Hapa ndipo penye utamu. Kwa nini wasiichome tu kemikali yenyewe waone kama inawaka? Kwa sababu kioksidishi, kwa kawaida, hakiwaki. Ukikikuta kwenye kopo kimetulia kama chumvi ya mezani. Kazi yake ni kumpa mwenzake oksijeni. Peke yake ni mpole, akipata mwenzake wa kuwaka ndipo unamjua.

Selulosi ndiyo huyo mwenzake. Selulosi ni karatasi. Ni pamba. Ni sehemu kubwa ya ubao, maranda, boksi, gunia la katani, dasta ya kufutia meza na mfuko wa koti lako jeupe la maabara. Waliotunga kipimo hiki hawakuchagua kitu cha ajabu kutoka sayari nyingine, walichagua kitu ambacho kiko kila mahali kemikali ilipo. Kwa hiyo kipimo cha O.1 hakiulizi "wewe ni nani?" Kinauliza "ukikaa na huyu, mtafanya nini?"

Sasa chukua swali hilo uingie nalo stoo. Nimeingia stoo za maabara zaidi ya moja, na mpangilio ni uleule: herufi. Kwenye A unakuta asetoni, amoniamu naitreti na anilini wamepangana kama ndugu wa tumbo moja. Asetoni inawaka kwa cheche, anilini nayo inaungua, na katikati yao amekaa mgawa oksijeni. Ukienda P, potasiamu pamanganeti imekaa bega kwa bega na propanoli. Rafu zenyewe ni za mbao. Chini kuna maboksi ya karatasi za chujio. Yaani mchanganyiko wa kipimo cha O.1 umeshaandaliwa, umebaki waya.

Na wakati mwingine hata waya hauhitajiki. Kila aliyesoma kemia anaijua ile pamanganeti ukiidondoshea gliserini: unasubiri kidogo, moshi, kisha moto wa zambarau. Tunaionyesha kwenye maonyesho ya sayansi watoto wa sekondari wapige makofi. Halafu tunarudi kuweka chupa ya gliserini kwenye G na kopo la pamanganeti kwenye P, tukitumaini kwamba umbali kati ya G na P utatulinda. Siku rafu ikianguka, alfabeti haitatusaidia.

Chembe, unyevu na jicho la mtu

Kipimo hiki kinafundisha mambo mengine ambayo kitabu cha kiada hakiyafundishi vizuri.

La kwanza ni chembe. Kemikali ileile ikiwa punje kubwa inaungua kwa mwendo mmoja, ikisagwa kuwa unga inaungua kwa mwendo mwingine kabisa. Ndiyo maana bromeiti ya rejea inachekechwa ibaki kati ya milimita 0.15 na 0.30, watu wote duniani watumie rula moja. Kwa hiyo ukisaga kemikali kwenye kinu kwa ajili ya mradi wako, umebadilisha hatari yake hata kama fomula haijabadilika.

La pili ni unyevu. Selulosi inakaushwa kwa nyuzi 105 hadi maji yaliyobaki yawe chini ya asilimia 0.5. Sisi wa pwani tunajua unyevu ni nini: sukari inaganda kwenye kopo mezani. Kemikali iliyoganda kwa unyevu leo inaweza kuonekana haina shida, ikikaa karibu na dirisha la jua hadi ikauke ni habari nyingine.

La tatu, na mimi ndilo linanivutia zaidi, ni kwamba kipimo chenyewe kilikosolewa. Potasiamu bromeiti, ambayo ndiyo rula, inashukiwa kusababisha saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kundi la 2B mwaka 1999. Yaani mpimaji alikuwa akijikinga na moto huku akivuta vumbi baya. Tatizo jingine ni jicho. Mmenyuko mkuu umekoma saa ngapi hasa? Mmoja anasema moto ulipozima, mwingine anangoja hadi wekundu uishe. Moshi ukiwa mzito, wote wawili wanabahatisha.

Kwa hiyo kikaja kipimo cha O.3. Badala ya bromeiti kinatumia kalisiamu peroksaidi, kwa uwiano wa 1:2, 1:1 na 3:1 na selulosi. Badala ya jicho kinatumia mizani: kichuguu kinaungua juu ya mizani, kompyuta inachora jinsi uzito unavyopungua, na kasi inahesabiwa kwenye sehemu ya kati tu, kutoka asilimia 20 hadi 80 ya uzito unaopotea. Mwanzo wa kusuasua na mwisho wa kufukafuka vinaachwa nje. Ulaya nao walikuwa na njia yao, iitwayo A.17, iliyotumia bariamu naitreti kama rejea na kupima moto unavyosafiri kwenye mstari wa unga.

Jamani, hilo ndilo somo la sayansi: rula ilikuwa na sumu, watu wakaibadilisha, jicho lilikuwa linadanganya, watu wakalibadilisha. Mwanafunzi akielewa hadithi hii moja, ameelewa habari ya makosa ya vipimo kuliko mihadhara mitatu ya vifungu vya kukariri.

Gramu 30 si tani 2,750

Nisieleweke vibaya. Sisemi kipimo hiki ni msahafu. Mwongozo wenyewe haujipi ukuu huo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinasema wazi kwamba matokeo ya kipimo yakipingana na uzoefu unaojulikana, uzoefu ndio unaoshinda. Na uzoefu wa vioksidishi umeandikwa kwa damu.

Tarehe 16 Aprili 1947, katika bandari ya Texas City, Marekani, meli ya Grandcamp ilikuwa imebeba karibu tani 2,300 za amoniamu naitreti, mbolea, kwenye magunia ya karatasi. Moto ukaanza ndani ya shehena. Ili mzigo usiharibiwe na maji, waliamua kufunga mlango wa shehena na kupuliza mvuke wa moto ndani, kwa fikra kwamba moto ukikosa hewa utakufa. Kwa moto wa kuni, sawa. Kwa kioksidishi, ni kinyume chake, maana mzigo wenyewe ndio uliokuwa ukitoa oksijeni, na mvuke ukauongezea joto. Meli ililipuka. Walikufa watu karibu 600, wakiwemo karibu wazimamoto wote wa kujitolea wa mji ule.

Miaka 73 baadaye, tarehe 4 Agosti 2020, ilikuwa zamu ya Beirut. Tani 2,750 za kemikali hiyohiyo zilikuwa zimekaa ghalani bandarini kwa karibu miaka 6. Makaratasi yalikuwepo. Barua ziliandikwa. Watu zaidi ya 200 walikufa na sehemu kubwa ya mji ikaharibiwa. Tatizo halikuwa kwamba hakuna aliyejua amoniamu naitreti ni nini. Tatizo ni kwamba kujua kulibaki kwenye faili, hakukushuka hadi ghalani.

Kichuguu cha gramu 30 hakiwezi kukuonyesha mlima wa tani elfu mbili utafanya nini ukipata joto na kufungiwa. Ndiyo maana amoniamu naitreti ina masharti yake ya pekee kwenye mwongozo. Kipimo kinakupa mlango wa kuingilia, nyumba nzima unaiona kwa historia. Na hapo ndipo nasema chuo kinatakiwa kufundisha vyote viwili, maana fundi wa kesho hawezi kuchagua kimoja.

"Lakini MSDS si ipo?"

Hili ndilo jibu ninalolisikia kila nikilizungumza jambo hili. Kwamba kila kemikali inakuja na karatasi yake ya usalama, na kopo lina alama, kwa hiyo tupunguze kelele.

Sawa, tuanze na alama. Zipo alama mbili zenye mwali wa moto. Moja ni mwali peke yake: kitu kinachowaka. Nyingine ni mwali juu ya duara: kioksidishi. Waonyeshe wenzako kumi wa darasani mwako leo, uone wangapi watazitofautisha. Wale wawili ndio hasa hawatakiwi kukaa pamoja, na sisi tunawaweka pamoja kwa sababu "wote ni wa moto".

Pili, karatasi ya usalama inaeleza kemikali ilivyotoka kiwandani. Haielezi kopo lililofunguliwa mara mia, likachotwa kwa kijiko chenye mabaki ya kitu kingine, likarudishiwa kilichobaki ili kisipotee. Wala haielezi zile chupa ambazo lebo imeliwa na mende na kilichobaki ni neno "...eti".

Tatu, na hili liwafikie kaka na dada zetu wa uzamili: kitu ulichokitengeneza mwenyewe hakina karatasi ya usalama popote duniani. Kuna wanaotengeneza chumvi za metali zenye molekuli za kikaboni, na kwa urahisi wa kupata fuwele nzuri wanatumia pakloreti. Pakloreti ni kioksidishi, molekuli ya kikaboni ni kuni, na wote wako ndani ya fuwele moja. Zimeshawahi kulipuka mikononi mwa watu wazoefu kwa kukwanguliwa na spatula tu. Ndiyo maana kabla hujawasha kichuguu chochote, mwongozo unataka kwanza uondoe shaka kwamba kitu chako ni kilipuzi. Halafu kuna hatua ya kalamu na karatasi: angalia fomula. Kitu kisicho cha kikaboni kama hakina oksijeni wala halojeni, hakina haja ya kipimo hiki. Cha kikaboni, kama hakina oksijeni, florini wala klorini, au kinazo lakini zimeungana na kaboni au hidrojeni tu, vilevile unakiruka. Hatua hiyo haigharimu hata shilingi. Ni mchezo wa dakika mbili ambao ungetakiwa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kila pendekezo la utafiti. Kwetu haupo.

Wapo pia watakaosema hela hakuna. Boom lenyewe linachelewa, leo unataka chemba mpya? Sijataka chemba mpya. Kuhamisha kopo kutoka rafu moja kwenda nyingine ni kazi ya Jumamosi moja na vijana sita. Kuhusu kipimo, hakuna haja ya darasa zima kuwasha vichuguu. Fundi mmoja mwenye chemba inayofanya kazi anaweza kuonyesha kwa kemikali dhaifu, sisi tukisimama mbali na miwani machoni. Na mahali ambapo hata chemba ni mbovu, tupeni jedwali la sekunde za vichuguu, tuainishe wenyewe, tutetee jibu letu mbele ya mhadhiri. Hiyo inahitaji karatasi tu.

Na wale wa sosholojia na sheria wanaosoma hapa wakidhani hili ni la watu wa makoti meupe: moto wa stoo hauulizi unasoma nini. Tena kwenu kuna kazi. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayoisimamia. Mtu wa sheria aisome, atuambie chuo kinawajibika kwa lipi.

Tunachotaka

Serikali ya wanafunzi imekuwa hodari kupigania bei ya wali maharage na foleni ya usajili. Vizuri, tunakula na tunasajiliwa. Sasa naiomba ipeleke mambo manne kwenye kikao kijacho na uongozi.

Moja: stoo zote za kemikali zipangwe kwa tabia ya kemikali, si kwa herufi. Vioksidishi viwe na kabati lao la chuma, mbali na vimiminika vinavyowaka, mbali na asidi za kikaboni, mbali na karatasi na mbao.

Mbili: orodha ya vioksidishi vilivyomo, na kiasi chake, ibandikwe nje ya mlango wa stoo na nakala ikae kwa walinzi. Mzimamoto akija usiku asianze kuuliza kama mabaharia wa Grandcamp.

Tatu: vioksidishi vilivyomwagika visifagiliwe kwa maranda wala kufutwa kwa dasta kisha vikatupwa kwenye ndoo ya karatasi. Kuwe na chombo chake. Dada na kaka zetu wa usafi waelezwe kwa Kiswahili, ana kwa ana, si kwa tangazo la Kiingereza lililobandikwa juu ya sinki.

Nne: kipimo cha O.1, na mrithi wake O.3, kiingie kwenye mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa pili, hata kama ni kwa jedwali tu. Na mafundi wa maabara ndio wafundishe kipindi hicho, maana wao ndio wanaolala na wasiwasi wa stoo hizi wakati sisi tuko hosteli.

La kwanza linaweza kufanyika kabla ya semista hii kwisha. Vijana sita, Jumamosi moja, glavu na fundi wa kuwaongoza. Mimi jina langu tayari liko kwenye daftari la katibu wa klabu ya kemia. Zimebaki nafasi tano.